Kuki za tovuti: hodi ya mtu aliyekwisha kuingia ndani

KAKANDA – Fungua leo tovuti ndogo za habari za huku kwetu, za Likasi, za Lubumbashi, za Kolwezi. Hujasoma hata kichwa cha habari, kibao kinatokea chini ya kioo cha simu, kimeandikwa kwa Kifaransa: tovuti hii inatumia kuki kusudi ikuhudumie vizuri zaidi. Pembeni kuna kitufe kimoja, mara nyingi cha kijani: J'accepte. Kitufe cha kukataa hakipo. Usipobonyeza, kibao kinabaki pale kimefunika nusu ya habari. Basi mtu anabonyeza kusudi aone kama umeme unarudi leo ao hapana, na mambo yanaishia hapo.

Wenye tovuti niliozungumza nao wanasema kibao kile ndiyo kufuata sheria. Fundi aliyewatengenezea tovuti alikiweka kwa sababu aliona tovuti za Ufaransa na za Ubelgiji zinacho, nao wakaona wamekuwa kama wakubwa. Mimi naona kibao kile hakitimizi sheria yoyote, ya Ulaya ao ya Congo, na tena kinamdanganya msomaji. Tovuti ndogo ya huku ina njia nyingine, iliyo rahisi zaidi na isiyo na gharama: kupunguza kuki zenyewe mpaka kibao kisiwe na kazi.

Tuanze na kitu chenyewe. Kuki, ambazo wenzetu wa Kenya na Tanzania wanaziita vidakuzi, ni kipande kidogo cha maandishi ambacho tovuti inakiacha ndani ya simu ao kompyuta yako, kusudi ukirudi ikutambue. Zilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli, injinia wa kampuni ya Netscape huko Marekani, kwa kazi ya kawaida kabisa: duka la mtandaoni likumbuke mteja ameweka nini ndani ya kikapu chake. Bila kuki, kila ukurasa unaoufungua, tovuti ingekuona kama mgeni mpya. Kwa hiyo kuki si mdudu wala si virusi, na mtu akikuambia uziogope zote anakupotezea wakati.

Shida iko kwenye kuki za watu wengine. Tovuti ni yangu, lakini nikiweka ndani yake kihesabu cha wasomaji cha Google, kitufe cha Facebook, video ya YouTube na nafasi ya matangazo ya AdSense, nimewafungulia wageni mlango wa nyumba ya msomaji, naye hakuwaita. Kila mmoja anaweza kuacha alama yake, na baadhi ya alama zile zinamtambua msomaji yule yule akienda kwenye tovuti nyingine yenye wageni wale wale. Kuki ya Google Analytics inayoitwa _ga inakaa miaka 2 ikiwa hakuna aliyeifuta. Ile ya Facebook inayoitwa _fbp inakaa siku 90. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu umpe jembe. Huyu anakaa miaka 2 na hakuna anayemwonyesha shamba.

Sheria ambayo vibao hivi vinaiga ni ya Umoja wa Ulaya. Watu wengi wanataja RGPD, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Lakini mambo ya kuki yalianza mbele yake, ndani ya maagizo ya mwaka 2002 juu ya siri ya mawasiliano, yaliyorekebishwa mwaka 2009. Mtu wa huku ataelewa maagizo yale upesi, kwa sababu yanafanana na adabu yetu. Hayaanzi kwa kuuliza kama habari unayochukua ni ya siri. Yanaanza na kifaa: simu ya mtu ni sehemu ya maisha yake ya binafsi, na kabla ya kuingiza kitu ndani yake ao kusoma kitu kilichomo, umweleze unataka nini, kisha ungoje jibu. Mtoto yeyote wa Katanga anajua jina la kitu hicho. Ni hodi.

Na hodi ina masharti. Unapiga ukiwa nje. Unangoja. Mwenye nyumba anaweza kusema hapana, na huwezi kumfanya ahangaike nusu saa kwa sababu amekataa. Ndivyo mahakama za kule zilivyoelewa. Tarehe 1 Oktoba 2019, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya kampuni ya Planet49, ambayo ilikuwa na kisanduku kilichokwisha kuwekewa alama ya "ndiyo" mbele ya mtu kukigusa. Mahakama ilisema ile si idhini. Mwanzoni mwa mwaka 2022, CNIL, mamlaka ya Ufaransa inayolinda data za watu, ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na euro milioni 60 kwa Facebook. Kosa lao: kukubali kuki kulitaka mbonyezo mmoja, kukataa kulitaka mibonyezo mingi.

Sasa rudi kwenye kibao chetu cha kijani. Chukua kompyuta, fungua Chrome kwa dirisha la siri, andika anwani ya tovuti yako, na usibonyeze kitu chochote kwenye kibao. Kisha bonyeza F12, ingia sehemu ya "Application", halafu "Cookies". Utaona orodha. Kwenye tovuti nyingi za namna hii kuki za Google na za Facebook zimekwisha kuingia wakati ukurasa unafunguka, na kibao kiko pale kama ua. Ukibonyeza ao usibonyeze, orodha haibadiliki. Huyu ni mgeni aliyeingia, akanawa mikono, akamega bukari, akashushia na maji, ndipo akasema hodi.

Mwenzangu mmoja mwenye tovuti alinijibu: "Ndugu, sisi tuko Congo. Nani wa Brussels atakuja kunikamata Kakanda?" Ni kweli, sioni mtu wa Brussels akipanda gari kuja huku. Na sheria yenyewe haimfuati kila mtu: RGPD inamgusa mtu wa nje ya Ulaya ikiwa anawauzia ao kuwapa huduma watu walio Ulaya, ao anafuatilia mienendo yao. Kuwa tu na ukurasa ambao mtu wa Liège anaweza kuufungua hakutoshi. Lakini angalia neno lile, kufuatilia mienendo. Tovuti zetu zinasomwa sana na ndugu zetu walio Brussels, Paris na Lille, wale wanaotaka kujua nani amefariki na barabara imefika wapi. Ukiweka vifuatiliaji vya matangazo juu yao, wewe mwenyewe ndiye unayeisogelea sheria ile. Na Google haingoji mahakama: tangu tarehe 16 Januari 2024, mwenye tovuti anayeonyesha matangazo ya AdSense kwa watu walio Ulaya na Uingereza lazima atumie kibao kilichoidhinishwa na Google. Kibao cha fundi wa Likasi hakimo kwenye orodha ile.

Tuache Ulaya. Inchi yetu ina sheria yake. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya maisha yake ya binafsi kuheshimiwa, na siri ya barua, ya simu na ya mawasiliano ya namna nyingine. Na tarehe 13 Machi 2023 ilitoka amri-sheria namba 23/010, Kanuni ya dijitali, ambayo ndani yake kuna sehemu nzima juu ya ulinzi wa data za kibinafsi. Inataka idhini ya mwenye data, na inataka kuwe na mamlaka ya kuzilinda. Siku ile ile ilitoka amri-sheria namba 23/009 juu ya uhuru wa vyombo vya habari, na vyombo vya mtandaoni vimo. Kwa hiyo kusema "huku hakuna sheria" ni maneno ya kabla ya 2023.

Wengi wetu tulisikia jina la Kanuni ya dijitali mara ya kwanza kwa njia mbaya. Tarehe 8 Septemba 2023, mwandishi Stanis Bujakera, naibu mkurugenzi wa Actualite.cd, alikamatwa kwenye uwanja wa ndege wa Ndjili, Kinshasa. Alishtakiwa kwa kueneza habari za uongo, na kati ya sheria zilizotajwa ilikuwamo kanuni hii mpya. Alikaa gerezani miezi 6. Machi 2024 alihukumiwa kifungo cha miezi 6 na faini ya franka milioni moja, akatoka kwa sababu kifungo alikuwa amekwisha kukimaliza. Ndani ya kesi ile walibishana sana juu ya anwani ya IP, ile namba ambayo kila simu ao kompyuta inaiacha inapoingia mtandaoni: ni ya nani, inaonyesha nini, inathibitisha nini.

Nimeleta kesi ile kwa sababu moja. Watu wanadhani alama za mtandao ni mambo ya mafundi tu, ya kuuza viatu na simu. Pale Kinshasa zilijadiliwa mbele ya majaji, na uhuru wa mtu ulikuwa juu ya mizani.

Sasa fikiria Kakanda. Huu ni mji wa shaba na kobalti. Hapa karibu kila nyumba ina mtu anayefanya kazi kampuni, ao aliyewahi kufanya, ao anayengoja kuitwa, ao anayechimba mwenyewe kwa mikono. Tukiandika juu ya maji ya mto kubadilika rangi, ao vumbi la magari makubwa, ao watu kuhamishwa bila malipo ya kutosha, nani anasoma? Wanasoma wafanyakazi, wanasoma mameneja, wanasoma walinzi, wanasoma wakubwa wa serikali. Mfanyakazi anayesoma habari ya maji usiku kwa simu yake hapendi jambo hilo lijulikane mahali popote. Na yule anayeacha maoni chini ya habari kwa jina la kubuni anadhani amejificha. Lakini WordPress, ambayo tovuti ndogo nyingi zinaitumia, inahifadhi pamoja na kila maoni anwani ya IP ya aliyeandika na anwani yake ya barua pepe. Vitu vile vinakaa ndani ya hifadhi ya tovuti yako mpaka wewe uvifute. Siku mtu mwenye nguvu atakapokuja kukuomba orodha, kwa karatasi ao bila karatasi, utampa nini? Usichokuwa nacho huwezi kukitoa. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kupunguza, na inatangulia mambo yote ya faini.

Sababu ya pili haimo ndani ya sheria yoyote niliyoisoma, kwa sababu waliozitunga walifikiria mtu mmoja na simu yake moja. Huku kwetu simu ni ya nyumba. Mama anaamka nayo kusudi azungumze na wateja wake wa unga. Saa sita mtoto wa shule anaichukua. Jioni papa anasoma habari za mpira. Usiku binti mkubwa anatafuta mambo yake, ya afya pengine, ambayo hataki wazazi wayajue. Kivinjari ni kimoja. Kuki ni zile zile. Mtoto aliyebonyeza J'accepte asubuhi kusudi aone matokeo ya mitihani amekubali kwa niaba ya nyumba nzima. Na matangazo yanayofuata hayaulizi nani ameshika simu: binti alitafuta habari za mimba, kesho yake papa anaona tangazo la nepi za watoto wachanga na kuanza kuuliza maswali. Watu wa Ulaya wanabishana juu ya idhini ya mtu mmoja mmoja. Huku lazima tuulize idhini ya nani, na kwa nyumba yenye simu moja swali hilo halina jibu zuri. Kisichoingia ndani ya simu hakimpi mtu aibu mbele ya baba yake.

Halafu kuna mega. Kila mgeni uliyemfungulia mlango anakuja na mizigo yake: programu za kufuatilia, picha za matangazo, na kibao chenyewe, ambacho mara nyingine ni kizito kuliko habari unayotaka kusoma. Msomaji analipa mzigo ule kwa franka zake. Mtu amenunua mega chache kusudi asome habari ya kipindupindu, nusu yake inaliwa na kifuatiliaji. Wenye tovuti tunapenda kulalamika kwamba watu wanasoma kichwa cha habari tu kwenye WhatsApp na hawafungui ukurasa. Pengine wana akili.

Basi mwenye tovuti ndogo afanye nini? Jambo ambalo mafundi wetu hawawaelezi watu ni hili: hata sheria ya Ulaya, ile kali, haitaki kibao kwa kila kuki. Kuki ambayo ni lazima kwa kazi ambayo msomaji mwenyewe ameiomba haihitaji idhini. Kuki ya kukumbuka lugha aliyoichagua, ya kikapu cha duka, ya kumwingiza mtu kwenye akaunti yake: hizo zinapita. Tovuti isiyo na kuki nyingine zaidi ya hizo haina haja ya kuuliza kitu. Kibao kinaondoka. Kinabaki tu kipande cha maelezo mahali panapoonekana, kilichoandikwa kwa uaminifu.

Kwa tovuti ya habari ya huku kwetu, kufika pale ni kazi ya mchana mmoja. Kihesabu cha Google kiondoke. Unataka kujua watu wangapi wamesoma? Programu nyingi za kuhesabu zinaweza kufanya kazi bila kuki. Matomo, kwa mfano, unaweza kuipanga hivyo. Na kusema kweli, tovuti ya mji kama wetu haihitaji kujua msomaji ana miaka mingapi na anapenda nini. Inahitaji kujua habari ipi imesomwa. Video za YouTube unaweza kuziweka kwa anwani ya youtube-nocookie.com, ambayo haiachi kuki za ufuatiliaji mbele ya mtu kuicheza video. Ao uweke picha na kiungo tu, aliyetaka kuona ataenda mwenyewe. Kwenye maoni ya WordPress, ondoa lazima ya kuandika jina na barua pepe, na umwombe fundi azuie kuhifadhi anwani za IP. Tangu toleo 4.9.6 la Mei 2018, WordPress ina kisanduku kinachomuuliza mwandishi wa maoni kama anataka jina lake likumbukwe. Kisanduku kile kibaki wazi, usikijaze wewe.

Kitufe cha Facebook kinastahili neno lake. Wengi wanadhani hakifanyi kitu mpaka mtu akibonyeze. Sivyo. Kikiwa ni kile cha Facebook chenyewe, kinapeleka habari za msomaji kwa Facebook wakati ukurasa unafunguka, hata kama msomaji hana akaunti kule. Tarehe 29 Julai 2019 mahakama ile ile ya Ulaya, katika kesi ya duka la nguo la Ujerumani linaloitwa Fashion ID, ilisema mwenye tovuti aliyeweka kitufe ni mshiriki wa jambo hilo pamoja na Facebook, kwa sehemu ya kukusanya na kupeleka habari zile. Hawezi kusema "ni mambo ya Facebook". Weka kiungo cha kawaida chenye picha ya Facebook. Kinafanya kazi ile ile na hakipeleki kitu mpaka mtu abonyeze. Na cha WhatsApp, ambacho ndicho watu wa huku wanakitumia zaidi, kinatengenezwa hivyo hivyo.

Najua swali linalokuja: na pesa? Matangazo ya AdSense yanafanya kazi yake kwa kuki, na kuyaondoa ni kuondoa dola. Sitamcheka mtu anayetegemea dola zile. Kuandika habari huku ni kazi ya njaa. Lakini tovuti yenye wasomaji wachache inangoja miezi na miezi kufikia kiasi ambacho Google inakubali kulipa, na wakati ule wote wasomaji wake wanafuatiliwa. Upande mwingine kuna duka la dawa, kuna karakana ya pikipiki, kuna mama anayekodisha viti na mahema ya harusi. Hao wanataka kujulikana Kakanda na Likasi, hawana habari na Brussels. Picha ya tangazo lao unaiweka pembeni mwa ukurasa, wanakulipa kwa M-Pesa ao Airtel Money mwisho wa mwezi, na hakuna kuki inayoingia popote. Redio za jamii zimeishi na matangazo ya namna hiyo miaka yote.

Neno langu la mwisho ni kwa wakubwa wa Kinshasa, maana wenye tovuti hawawezi kubeba mambo haya peke yao. Kanuni ya dijitali ni maandishi marefu ya Kifaransa cha wanasheria. Mamlaka ya kulinda data ina njia mbili mbele yake, na majirani wamekwisha kutuonyesha zote mbili. Tanzania, mwaka 2018, ilitunga kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotaka mwenye blogu alipe ada ya zaidi ya shilingi milioni 2, karibu dola 900, kusudi aruhusiwe kuandika. Juni ya mwaka ule Jamii Forums, jukwaa kubwa la Waswahili mtandaoni, ilizima mtambo kwa muda, na wadogo wengi wakaacha kuandika. Pesa zile hazikumlinda msomaji yeyote. Kenya ilipita kwingine. Ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na ofisi ya kamishna, Immaculate Kassait, inayopokea malalamiko ya raia. Septemba 2023 ofisi ile iliitoza shule ya Roma, ya Uthiru, shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila idhini ya wazazi, na ukumbi wa starehe wa Casa Vera shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja wake. Unaweza kusema faini zile ni nzito kwa shule, nami naona ni nzito. Lakini zilitolewa kwa sababu kulikuwa na mtu aliyetumiwa bila kuulizwa. Hazikuwa bei ya kuruhusiwa kusema.

Kinshasa ikifuata njia ya ada na matangazo ya awali yenye mihuri, tovuti za Kakanda, Fungurume na Lubudi zitafungwa, na zile za wakubwa zitabaki na vibao vyao vya kijani. Ninachokiomba ni kidogo: mamlaka itoe mfano wa maelezo, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba, ambao mwenye tovuti ndogo ataunakili bure na kujaza jina lake. Na mtu asiye na wafanyakazi, asiye na matangazo ya ufuatiliaji, asidaiwe karatasi sawa na kampuni ya simu.

Wakati tunangoja, hiki hapa ndicho ningeweka chini ya kila ukurasa, na anayetaka akichukue:

"Tovuti hii haiweki kuki za matangazo wala za kukufuatilia ndani ya simu yako. Tunahesabu habari ngapi zimesomwa, hatuhesabu nani amezisoma. Ukiandika maoni, tunahifadhi maneno yako na jina ulilolichagua tu. Ukitaka tuyafute, tuandikie, tutayafuta bila kukuuliza sababu."

Ukikiweka lazima kiwe kweli. Pima kwanza kwa F12, na upime tena kila mara fundi akigusa tovuti, maana programu nyingine za WordPress zinaongeza kuki zake bila kukuambia.

Na wenye siberi: kompyuta zenu zinatumiwa na watu wengi kwa siku, na anayekaa saa tisa anakuta kuki za aliyekaa saa tatu, mara nyingine hata akaunti yake ya Facebook ikiwa wazi. Pangeni kivinjari kifute kila kitu kinapofungwa. Kwenye Firefox iko ndani ya mipangilio ya faragha, ni alama moja ya kuweka.